Siku Papa Remi Alipopanda Sanduku

Nyinyi vijana watatu mliobaki na ukumbi wa mazoezi mliniomba niwaandikie namna tulivyokuwa tunawapima watu kabla ya kuwafanyisha mazoezi. Mlitaka orodha. Orodha iko ukutani, niliibandika mwenyewe, na nzi wameisoma kuliko nyinyi. Mimi nitawaandikia kile ambacho hakibandikiki, yaani woga. Miaka kumi na minane nilifunga mkanda wa tansio, ule wa kupimia shinikizo la damu, kwenye mikono ya watu hapa Kashikishi, na sikumbuki asubuhi hata moja nilipoufunga kwenye mkono wa mtu mpya bila kuogopa.

Ninaandika kwa Kiswahili nilichofundishwa na masista ng'ambo ya ziwa, Kongo. Lakini watu wakisema, nitawaacha waseme vile walivyosema.

Kule Kongo nilikuwa mwalimu wa michezo shuleni. Vita vikatusukuma, tukavuka, tukapewa shamba katika kambi ya wakimbizi, nikalima muhogo kama wengine. Jioni wanawake waliokuwa wakibeba mizigo walikuja kwangu na migongo yao, nikawafundisha kuinama vizuri na kunyoosha viungo. Habari hiyo ilimfikia Ba Kabwe, bwana mmoja wa Kashikishi aliyekuwa amejenga ukumbi karibu na uwanja wa kuanikia samaki. Alikuwa ameweka vyuma, mikeka na kioo kikubwa, na alihitaji mtu wa kuwafundisha watu. Nikaja na filimbi yangu shingoni, nikidhani kazi ni kupuliza filimbi.

Siku ile ya kwanza nilimkuta Ba Mwape. Alikuwa nesi mstaafu, Mbemba mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ba Kabwe alikuwa amemweka pale awapime watu kabla hawajagusa chuma. Kiswahili chake alikiokota bandarini, kwa wafanyabiashara wa Kongo. Hakuniuliza jina.

"Mayo," akasema, yaani mama kwa Kibemba, "mutu akikufia hapa, kitu ya kwanza utafanya ni nini?"

"Nitaita batu banisaidie."

"Bataitana bao benyewe. Weye utatafuta karatasi yake, uone kama ulimuuliza."

Nilitoa filimbi shingoni, nikaitia mfukoni. Kwa miezi mitatu hakuniruhusu kumfundisha mtu yeyote, nilikaa kando yake nikiandika tu.

Maswali yalikuwa saba. Munganga wa hospitali amewahi kukuambia moyo wako una shida? Kifua kinauma ukifanya kazi? Na ukitulia? Unasikia kizunguzungu, au umewahi kuzimia? Kuna mfupa au kiungo kinachokusumbua? Unameza dawa gani? Kuna jambo lingine unalolijua wewe nisilolijua mimi? Mtakuwa mmeona kwamba watu hujibu "hapana" mara saba kabla hamjamaliza swali la pili. Ba Mwape alinifundisha kurudia maswali wakati wa kupima kiuno. "Mutu akiinua mikono, anasahau kuficha," alisema. Na kweli. Mwalimu mmoja aliyekataa yote saba akiwa kitini, alipoinua mikono alianza kunieleza jinsi alivyozimia kisimani wiki iliyopita.

Tansio ilikuwa na sheria zake. Mtu akae kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote miwili sakafuni, mkono uwe wazi na usawa wa moyo, awe ameshaenda chooni, na akae dakika tano bila kusema. Kwa wafanyabiashara wa samaki hilo lilikuwa zoezi gumu kuliko vyuma vyote. Nimeona mwanamume anayebeba magunia mawili kwa pamoja akitoka jasho kwa kunyamaza.

Halafu kulikuwa na sanduku. Mtu hupanda na kushuka kwa dakika tatu akifuata mapigo, kisha hukaa, nawe unahesabu mshipa wa mkono wake dakika nzima. Mapigo niliyapiga kwa kijiko kwenye beseni. Sanduku lenyewe nililiagiza kwa fundi wa mitumbwi. Nilipompa vipimo alivua kofia.

"Pole sana, mama. Mutoto alikuwa wa miaka ngapi?"

Nikamweleza kwamba si la maziko, ni la watu wazima kupanda na kushuka bila kwenda popote. Akanitazama kwa huruma zaidi.

Mwaka wangu wa pili alikuja mama mmoja wa kwaya. Maswali yote saba, hapana. Tansio nzuri. Nikampandisha. Dakika ya pili aligeuka rangi ya majivu akaniangukia begani, jasho baridi, mshipa wake mwembamba kama uzi wa nyavu. Ba Mwape alikoroga sukari kwenye maji, tukamnywesha kidogo kidogo hadi akafungua macho. Alikuwa kwenye siku ya tatu ya kufunga kwa maombi. Hakuna swali langu lililouliza kuhusu chakula. Yeye alisema ni Roho aliyemshukia. Sikubishana naye, niliandika "sukari" kwenye karatasi yake. Tangu siku hiyo orodha ikawa na swali la nane, lile mnaloliona limeandikwa kwa kalamu nyingine: umekula nini tangu asubuhi?

Ba Mwape alizeeka, magoti yakamkataza kupanda kilima, akarudi kukaa nyumbani kwake Nchelenge. Nikabaki peke yangu na mkanda, beseni na sanduku. Mnadhani ukizoea kazi woga unapungua. Wangu uliongezeka, kwa sababu hapakuwa tena na mtu wa kumgeukia nikiona namba mbaya.

Ndipo akaja Papa Remi.

Alikuwa mtu wa kwetu, wa ng'ambo, mfanyabiashara wa samaki. Alinunua kisiwani Chisenga na kule Mununga, akapakia kwenye lori lake na kupeleka mijini. Sauti yake ilikuwa inaingia ukumbini kabla yake. Alikuwa mnene kiasi kwamba utepe wa fundi cherehani haukumzunguka, nikaunganisha wa pili. Alicheka hadi kioo kikatetemeka.

"Mama Vero, unanipima kama nguo! Unataka kunishona?"

Mkewe, Mama Odeta, alikuwa amesimama mlangoni na nguo zake za kazi, zenye magamba madogo ya chisense, dagaa wetu wa ziwani. Hakucheka. Yeye ndiye aliyemleta.

Mara ya kwanza tansio yake ilikuwa mia moja sabini juu ya mia moja na tano. Nilipima tena, nikapima mkono wa pili. Nikamwambia sitamfundisha hadi munganga amwone. Alikasirika, akaenda, akarudi na vidonge na karatasi iliyosema atembee taratibu na tansio ipimwe kila akija. Tukaanza kutembea. Kutoka ukumbini hadi penye mitumbwi na kurudi, kisha mara mbili, kisha mara nne. Miezi ikapita, namba zikashuka. Utepe ukatosha mmoja. Alianza kuwaleta wenzake, wafanyabiashara kumi na zaidi, na Ba Kabwe akamwekea kiti chake mwenyewe. Papa Remi akawa mtu wa kutangaza ukumbi wetu kote pwani.

Sasa nitawaeleza asubuhi ile, na nitaieleza bila kuipunguza.

Ilikuwa Alhamisi. Lori lake lilikuwa linanguruma nje, amepakia samaki na barafu, anakwenda kuongeza mzigo Mununga. Ilikuwa siku ya kumpima upya, na alikuwa amewaahidi wenzake kwamba safari hii mshipa wake utapiga polepole kuliko wote. Sita kati yao walikuwa wamekaa kwenye benchi, wanangoja. Akaketi huku akikunja mkono wa shati.

"Piga mbio, mama. Lori inaningoya."

"Dakika tano, Papa. Bila kusema."

"Dakika tano samaki inaoza!"

Wenzake wakacheka. Sikumwacha akae dakika tano. Nilifunga mkanda. Mia moja tisini juu ya mia moja kumi na tano.

Nikasema, kwa sauti ya chini, "Papa, leo hapana. Dawa unameza?"

"Nameza! Ile mashini yako inanichukia."

"Twende lopitalo, munganga akuone. Leo hakuna sanduku."

Akasimama. Sikuwahi kuona mtu anayejaza chumba vile. "Mama Vero, unanipatisha haya mbele ya batu? Mi mutu niliyeleta batu bote hapa? Weye na mashini yako mutaniua kabla ya tansio kuniua!"

Wote sita kwenye benchi wakanigeukia. Ba Kabwe alichungulia kutoka ofisini, akanitazama mimi, hakumtazama yeye. Nikajiambia: hakukaa dakika tano, amepandisha hasira, namba si ya kweli. Nikajiambia: dakika moja tu, polepole. Hayo ndiyo maneno niliyojiambia. Lakini ukweli ni kwamba nilimwogopa. Nilikuwa mwanamke mkimbizi mwenye karatasi ya ruhusa ya kukaa mjini iliyohitaji saini ya Ba Kabwe, na mbele yangu kulikuwa na mwanamume anayepiga kelele.

Nikachukua kijiko na beseni.

Alipanda na kushuka vizuri kwa muda, akiwakonyeza wenzake. Kisha mguu wa kulia ukagonga ubavu wa sanduku. Akautazama kama si wake. Akajaribu tena, ukagonga tena. Nilitupa beseni nikamkamata, na uzito wake ukatuketisha wote wawili chini.

"Papa, niangalie. Inua mikono yote mbili."

Mmoja ulipanda. Mwingine ulilala.

"Cheka, Papa."

Alicheka nusu ya uso. Nikamuuliza jina lake. Alisema, "Samaki." Nikamuuliza anaumwa wapi. "Samaki," akasema, na jicho lake moja lilikuwa limenishikilia kwa hofu ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Alijua kwamba si neno alilolitaka.

Nilitazama saa ya ukutani. Hilo nililifanya sawa, na ni kwa sababu Ba Mwape alikuwa amenipigia kelele miaka mingi: saa kwanza, kilio baadaye. Wenzake walishusha makreti ya samaki mchangani, wakamlaza kwenye lori lile lile, kwa ubavu, kichwa kimeinuliwa kidogo. Wengine walikimbia kumwita Mama Odeta penye mikeka ya kuanikia. Alipanda lori na magamba yake mikononi, na dereva akaondoka.

Nilibaki ukumbini na Ba Kabwe. Karatasi ya Papa Remi ilikuwa mezani. Sehemu ya tansio ya siku ile ilikuwa bado wazi. Ba Kabwe alifunga mlango, akaongea taratibu, kwa upole, na upole ule uliniogopesha kuliko sauti ya Papa Remi.

"Ba Vero, ulipima ngapi?"

Nikamwambia.

"Hakuna mutu aliona mashini. Andika mia moja thelathini. Bakikuya kuuliza, alikuwa muzuri, bahati ikamuangusha tu. Ni kwa faida yako weye njo nasema. Karatasi yako ya kuikala hapa, nani atakusainia?"

Nitakuwa mwongo nikisema sikuishika kalamu nikifikiria moja-tatu-sufuri. Nilifikiria polisi. Nilifikiria kurudishwa kambini, au ng'ambo. Nilifikiria mdogo wake Papa Remi, mtu wa mikono mizito aliyeendesha mitumbwi yake. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Lakini hospitali mtu fulani angekuwa amesimama juu ya Papa Remi akiuliza alikuwa ngapi kabla hajaanguka, na Papa Remi angejibu samaki.

Niliandika mia moja tisini juu ya mia moja kumi na tano. Nikaandika saa aliyoanguka. Chini yake nikaandika: "Hakukaa dakika tano. Nilimruhusu kupanda sanduku." Nikaweka saini. Ba Kabwe alinifungulia mlango, na nilipotoka nilisikia komeo.

Nilipeleka karatasi hospitali kwa teksi ya baiskeli. Munganga kijana alisoma karatasi mara mbili.

"Nani ameandika hii saa?"

"Mimi."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Vizuri," akasema, akaitia kwenye jalada la mgonjwa. Sikuweza kujua kama ananisifu au anahifadhi ushahidi.

Nilirudi kila siku, nikasimama mbali. Siku ya tatu Mama Odeta alikuwa amekaa barazani, anakunja shuka. Nilipiga magoti mbele yake.

"Mama Odeta, mi njo nilimufanyisha hivi. Mashini ilikuwa imenionyesha namba mubaya. Niliona. Nikamuacha apande."

Aliendelea kukunja shuka. "Juu ya nini ulimuacha?"

"Nilimuogopa."

Mikono yake ikasimama. Nilingoja anipige, au aite mtu.

"Dawa aliachaka kitambo," akasema. "Alisema eko muzima, dawa ni ya bagonjwa. Nilikuwa nazipata mu mufuko ya koti, nikifua. Nahesabu, zinabakia tu ile ile. Kila asubuhi nasema, leo nitamuuliza. Halafu anapiga sauti moja juu ya chai, nanyamaza."

Akaiweka shuka magotini.

"Basi tulikuwa babili," akasema.

Hakunisamehe, msifikiri hivyo. Alisogea kidogo, nikakaa kando yake.

Wiki zilizofuata nilizimaliza nyumbani nikisikiliza pikipiki. Kila iliyopunguza mwendo karibu na mlango wangu, nilijua ni mdogo wake, au polisi. Nilikuwa nimefunga nguo kwenye begi. Siku moja nilikwenda Nchelenge kwa Ba Mwape kutafuta faraja. Alinikaribisha, akanipa uji wa muhogo, akasikiliza hadi mwisho.

"Ulikuwa na woga?" akauliza.

"Sana."

"Woga iko muzuri, mayo. Lakini ulikuwa unaogopa nani? Mutu mwenye kupiga sauti, ao ile namba?"

"Mutu."

"Eya mukwai, ni vile," akasema, akaondoa bakuli. Faraja yote niliyopata ilikuwa hiyo.

Polisi hawakuja. Mdogo mtu alikuja, akasimama mlangoni kwangu, akanitazama, akasema Mama Odeta amemkataza kuniambia neno, kisha akaenda. Papa Remi aliishi. Alitoka hospitali anaburuta mguu, mkono wa kulia umekunjika kifuani, na maneno yamepotea. Ba Kabwe alileta mwalimu mpya, kijana wa vyuma, lakini Mama Odeta aliingia ukumbini akamwambia Ba Kabwe kwamba mumewe atafanyishwa mazoezi na Mama Vero, na kama si yeye basi wafanyabiashara wote watakaa nyumbani. Ba Kabwe akanitumia ujumbe. Nilifungua begi nikatoa nguo.

Kupima mtu kama yeye hakuko kwenye orodha yenu. Kila juma nilimpeleka kwa munganga kwanza, na sikufanya kitu ambacho hakukiandika. Tulipima dakika alizoweza kusimama. Tulipima kama kidole kinagusa kidevu. Miezi minne tulifanya kazi ya kijiko, kutoka sahani hadi mdomoni, na siku aliyofika bila kumwaga, Mama Odeta alitoka nje akalia nyuma ya makreti. Mimi sikulia, nilikuwa naogopa tansio yake. Kila mara nilipofunga ule mkanda kwenye mkono wake mzuri, yeye alinitazama usoni, si kwenye mashine, na nilimsomea namba kwa sauti, hata ilipokuwa mbaya. Hasa ilipokuwa mbaya. Sikuwahi kumuuliza kama ananilaumu. Hakuwa na maneno ya kunijibu, na sikutaka kujificha nyuma ya hilo.

Baada ya mwaka maneno machache yalirudi. Si mengi. Jina la mkewe. Mayi, akitaka maji. Hapana. Alianza kuja kila Jumanne hata asipokuwa na zoezi, akaketi karibu na kiti cha kupimia, fimbo katikati ya magoti. Watu wapya hawakujua ni nani.

Jumanne ya juma langu la mwisho kazini aliingia bwana mmoja wa Chienge mwenye mitumbwi, mtu mkubwa, simu sikioni. Nilimwomba azime simu, akae dakika tano bila kusema. Akacheka, akasema yeye hana ugonjwa, amekuja kunyanyua vyuma, si kupimwa kama mwanamke mwenye mimba. Nikarudia. Akapandisha sauti. Nawaambia ukweli, vijana wangu: baada ya miaka yote ile, kwa kitambo kidogo sauti yake tena ikawa kubwa kuliko kila kitu.

Papa Remi alipiga fimbo sakafuni. Mdomo wake ulifanya kazi, ukatafuta, ukakosa, ukatafuta tena.

"I-ka-la," akasema, yaani kaa.

Yule bwana alimtazama: mguu uliolala upande, mkono uliokunjika, uso wa nusu. Akaitia simu mfukoni, akaketi. Nikaelekeza kidole kwenye saa ya ukutani, na tukangoja dakika tano, sisi watatu, bila neno.